Kamba Iliyozama Kichwani

Kabla watu hawajajua kusema "mimi", walisema "sisi", hata mtu akiwa peke yake shambani na jembe lake. Haikuwa majivuno. Ndani ya kila kichwa walikaa wawili, kila mmoja na chumba chake, na kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta usio na mlango wala dirisha. Wa chumba cha kulia aliutawala mkono wa kulia na kuona yaliyokuwa upande wa kulia. Wa chumba cha kushoto aliutawala mkono wa kushoto na kuona ya upande wake. Mdomo ulikuwa mmoja tu, basi wakaupokezana, kama wake wa boma moja wanavyopokezana kinu.

Hawakufanana. Wa kulia alipenda maneno na majina ya vitu, na kila jambo alitaka kulieleza sababu yake. Wa kushoto hakuwa msemaji sana. Yeye alijua nyuso. Alimtambua mtu kwa mwendo akiwa bado mbali, akajua mvua kwa harufu, na nyimbo zote zilikuwa zake.

Kwa kuwa hawakuonana, watu wa kale walikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyethubutu kuiacha. Asubuhi, kabla ya kuweka mguu chini, mtu aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wake wa kulia, akajisalimia kwa sauti.

"Umeamkaje, mwenzangu?"

"Nimeamka salama. Na wewe?"

"Salama. Umeona nini jana upande wako?"

Kisha wa kushoto alieleza aliyoyaona, na wa kulia akaeleza ya kwake, hadi wakawa wanajua jambo moja. Ndipo mtu huyo alipoinuka na kwenda kazini. Ukipita kijijini alfajiri ungedhani kila nyumba ina wageni, kumbe ni watu wanajijulia hali.

Waliishika desturi hiyo kwa mapenzi, lakini pia waliishika kwa hofu. Kulikuwa na kiumbe walichokiita Pweke. Pweke alikuwa na kichwa kama cha mtu, ila chumba kimoja kilikuwa kitupu. Ndani yake alikaa mmoja tu, msemaji, na kile chumba kingine kilivuma upepo mchana kutwa. Alitafuta wa kukijaza. Watu wazima hawakumfaa, maana wawili wao walikwisha kuzoeana. Alitaka watoto wachanga, wale ambao jino la kwanza halijatoka na hawajapewa majina yao mawili, ambao wawili wao bado wamelala. Alimchukua mtoto kama huyo, akamfungua kama mtu anavyofungua ganda la njugu. Yaliyofuata wazee hawakuyasimulia, nami sitayasimulia. Na nyumba aliyoiingia kwa urahisi ni ile ambayo mzazi ameacha kujisalimia.

Sasa, katika kijiji cha Mbweto, juu kabisa ya genge, aliishi mwanamke aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa jina la kulia aliitwa Namkunda, na kwa la kushoto aliitwa Nakiete. Mume wake alikuwa ameshuka na mifugo malishoni kule bondeni, na nyumbani alibaki na mama mkwe wake, Bibi Nangasu, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu. Bibi huyo alikuwa mtu wa huruma. Usiku mtoto akilia, yeye ndiye aliyeamka kwanza na kupapasa ukuta hadi jikoni, akachochea moto ili mkwewe asinyonyeshe kwenye baridi. Aliacha tu moto ukiwaka, akarudi kulala.

Namkunda alichoka kama wachokavyo wazazi wote wapya. Mtoto alilia kabla jogoo hajawika. Nepi za majani zilihitaji kubadilishwa, uji ulihitaji kukorogwa, na ukindu wa kusuka vikapu ulikuwa unakauka uani. Asubuhi moja akainuka bila kujisalimia. Aliwaza, nitamsalimu mwenzangu nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Kesho yake vilevile. Baada ya muda akasahau kabisa kwamba kuna anayesubiri. Nakiete akakaa chumbani mwake, anaona anayoyaona, hana wa kumwambia, na mdomo haupati.

Ndipo mgeni alipobisha hodi.

Ilikuwa mchana wa ukungu. Mwanamke alisimama mlangoni na furushi begani. "Mwanangu Namkunda," alisema, "umeshatusahau? Tumetoka ng'ambo ya mlima. Ni sisi shangazi yako Mkiwa. Tumesikia umepata mtoto, tukasema hatuwezi kulala."

"Shangazi!" Namkunda akalia kwa furaha. Hakuwa amemwona shangazi huyo tangu utotoni, lakini maneno yote yalikuwa sawasawa. Mgeni alitaja jina la baba yake na la babu yake. Alitaja hata yule mbuzi mweusi aliyewahi kula mkeka wa harusi.

Namkunda alinyoosha mikono yote miwili ili ampe mtoto ampakate. Mkono wa kulia ulikwenda. Wa kushoto haukwenda. Ulimkumbatia mtoto na kumrudisha kifuani kwa nguvu hata akalia.

"Vipi tena?" mgeni akauliza.

Namkunda alishtuka, maana hakujua vipi. Lakini mdomo ulikuwa wake, na yeye hakupenda jambo likose sababu. "Ana joto kidogo," alisema upesi. "Tunaogopa asije akakuambukiza, shangazi." Alipokwisha kusema, akayaamini maneno yake mwenyewe. Akamgusa mtoto paji la uso, akaona kweli kama ana joto.

Hivyo ndivyo hofu ilivyoingia katika nyumba ile. Mgeni alikaa. Alifagia, aliteka maji, alisifu kila kitu. Lakini kila alipomkaribia mtoto, mkono wa kushoto wa Namkunda ulifanya kituko. Ulimwaga uji aliopikiwa mgeni. Uliufunga mlango ambao wa kulia ulikuwa umeufungua. Siku moja Namkunda alikuwa akimfunga mtoto mbeleko ili ampe shangazi ambebe, na kila fundo ambalo mkono wa kulia ulilifunga, wa kushoto ulilifungua, fundo baada ya fundo, taratibu, kama mkono wa mtu mwingine. Namkunda aliutazama mkono ule hadi nywele zikamsimama. Aliona kucha zake mwenyewe, na kovu la kisu alilolijua, lakini mkono wenyewe hakuujua.

"Kulikoni, mkwe wangu?" Bibi Nangasu aliuliza kutoka kwenye kigoda chake.

"Si kitu, mama. Tunaona fundo lilikuwa linambana mtoto."

Kila kitu alikipa sababu, na kila sababu ilimwacha na hofu zaidi, maana ndani kabisa alijua anatunga.

Bibi Nangasu naye aliona mambo, kwa kadiri ya macho yake. "Yule shangazi yako hapokei kitu kwa mikono miwili," alimnong'oneza. "Jana tulimpa kibuyu akakipokea kwa mkono mmoja, kama mtoto asiyefunzwa. Halafu asubuhi hatujamsikia akijisalimia."

"Labda bega linamuuma, mama." Namkunda aliona aibu. Angewezaje kumsema mgeni kwa kuacha kujisalimia, wakati yeye mwenyewe ameacha? Akanyamaza, na hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote.

Siku iliyofuata mgeni alimpigia mtoto makofi ili amwite, kwa kupiga paja lake mwenyewe kwa kiganja kimoja. Mkono wa kushoto wa Namkunda ukaruka ukamtandika usoni. Kofi lililia kama kuni inayopasuka.

Mgeni hakulia. Aligeuza uso polepole. "Mwanangu," alisema kwa upole, "mkono huo si wako tena. Tumewahi kuona jambo hili kwetu. Leo umetupiga sisi. Kesho utamkaba mtoto."

Maneno hayo yalimwingia Namkunda kama maji ya baridi. Ndiyo hofu aliyokuwa nayo tangu siku ya mbeleko, na hakuthubutu kuitamka. Alimtazama mwanawe aliyelala, shingo yake nyembamba, kisha akautazama mkono.

"Tufanye nini, shangazi?"

"Ufungwe leo kwenye nguzo. Kesho kukikucha, tutaukata."

Bibi Nangasu alishika kifua. "Mkono wa mzazi ukatwe? Atamwogesha mtoto kwa mkono gani?"

"Mtoto tutamlea sisi," mgeni akasema. "Bibi, lete kamba."

Kamba pekee iliyokuwa imara ni ile ya kikapu cha kubebea, ambayo wanawake wa Mbweto huipitisha juu ya utosi ili mzigo uning'inie mgongoni na mikono ibaki huru. Namkunda mwenyewe aliisuka alipokuwa mwari. Bibi Nangasu aliichomoa huku machozi yakimdondoka, akaufunga mkono wa mkwewe kwenye nguzo ya nyumba. Mgeni alimwambia, "Kaza!" Bibi akajibu, "Tumekaza." Hakukaza. Vidole vyake vizee vilifunga fundo ambalo mtu hufunga kwa mbuzi anayempenda, fundo linaloachia likivutwa upande mmoja. Hakuwa na hila wala mpango. Hakuweza tu kumuumiza mtoto wa mwenzake.

Mgeni akampakata mtoto kwa mkono mmoja, akaketi mbele ya Namkunda, uso kwa uso. Bibi alitoka kuegemea ua, maana hakuweza kutazama.

Mtoto akaanza kulia. "Mwimbie, shangazi," Namkunda akasema. "Mwimbie ule wimbo uliotuimbia tulipokuwa wadogo."

"Lala mtoto lala," mgeni akasema. "Mama amekwenda mtoni. Atarudi na samaki. Lala mtoto lala." Maneno yote yalikuwamo. Lakini aliyasema kama mtu anayehesabu viazi. Hapakuwa na wimbo ndani yake.

Namkunda akahisi koo lake linafunguka pasipo yeye kulifungua. Sauti ikatoka mdomoni mwake, nyembamba, iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika. Haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa ule wimbo wenyewe, unapanda na kushuka kama shangazi wa kweli alivyouimba zamani, na ndani yake mlikuwa na harufu ya kibanda chake na joto la mgongo wake. Mtoto akanyamaza. Namkunda naye akatulia. Nakiete, aliwaza. Ni Nakiete. Ee Mungu, amekuwapo siku zote hizi.

Mkono wake wa kulia ukanyooka hadi kwenye nguzo, ukaushika ule wa kushoto uliofungwa. Vidole vyake vya baridi vikaubana ule wa kulia. Kumbe nao uliogopa.

"Umeamkaje, mwenzangu?" alinong'ona.

Jibu likaja kwa mdomo uleule, haraka haraka. "Sijalala. Mtazame uso. Geuza kichwa umtazame upande wangu."

Namkunda akageuza kichwa. Tangu mgeni aje, alikuwa ameuona upande mmoja tu wa uso ule, upande uliocheka na kusema. Sasa akauona ule mwingine. Ulikuwa umekufa ganzi kama ganda la kibuyu. Jicho lilikuwa wazi lakini halikuwa na mtu. Na kutoka kwenye sikio la upande huo, polepole, ulisikika upepo ukivuma ndani ya chumba kitupu.

Pweke alijua ameonwa. Alitabasamu kwa nusu ya mdomo. "Tulitaka kungoja hadi kesho," alisema, akainuka.

Namkunda alilivuta fundo, nalo likaachia mara moja. Mikono yote miwili ikamnyakua mtoto kutoka kwenye ule mkono mmoja, kamba ikaburutwa, kikapu kikashikwa njiani, akatoka mbio. "Mama, kimbilia kwa majirani!" alimpigia kelele Bibi Nangasu, na yeye mwenyewe akakimbia kwenye ukungu kuelekea gengeni. Njia ya kijijini ilikuwa imezibwa na yule aliyemfuata.

Kwenye genge la Mbweto hapakuwa na njia ila mizizi ya miti iliyoning'inia mwambani, ambayo vijana waliitumia kushukia kwenye kijito. Hapo anayeshuka anahitaji mikono miwili. Namkunda alimweka mtoto kikapuni, akapitisha kamba kwenye mashikio yake, akaiweka juu ya utosi wake, akageuka na kuteremka kinyumenyume.

Pweke akafika ukingoni juu yake. Mkono wake mmoja ulishika mzizi, mwingine ulining'inia kama kitambaa. Hakuweza kushuka. Basi akatumia alichokuwa nacho, maneno.

"Namkunda! Mkono huo utauachia mzizi. Unaujua. Umesahau ulivyofungua mbeleko? Ukate kabla haujakuua na mwanao!"

Namkunda akaganda. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mzizi, na ule wa kushoto ulitakiwa kuachia na kutafuta mwingine chini. Uliachia. Alitamani kuuliza, mwenzangu, unakwenda wapi? Lakini hakuwa na pumzi ya kuuliza, na kusubiri jibu ilikuwa ni kufa. Chini yake palikuwa na ukungu mtupu. Mgongoni, mtoto alitikisika kikapuni, na kamba ikaubana utosi.

Hapo akafanya jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya. Alimwamini mwenzake kabla ya kuambiwa chochote. Akauachia mzizi wa kulia vilevile.

Uzito wote wa mtoto ukaingia kwenye kamba. Kamba ikazama. Ilipita ngozi, ikapita mfupa kana kwamba ni udongo laini, ikaupasua ule ukuta wa kale kwa juu, na kutua katikati, ncha moja chumba cha kulia, ncha moja chumba cha kushoto. Namkunda hakusikia maumivu. Alisikia mtu akipumua karibu naye. Akajua mzizi ulipo bila kuambiwa, maana Nakiete alikuwa akiuona, na mkono wa kushoto ulikuwa umekwisha kuushika imara. Mkono wa kulia ukafuata. Wakashuka hivyo, bila neno, mikono ikipokezana kama inavyopokezana ukindu wakati wa kusuka, na maneno ya Pweke yakabaki juu, yakazidi kuwa madogo, hadi yakawa kama nzi.

Kijitoni walikuwapo wanawake wanaloweka ukindu. Walimwona mtu anatokea kwenye ukungu, wakashika mawe. "Ninyi ni nani?" walipiga kelele, kama ilivyokuwa kawaida kuuliza.

Akafungua mdomo kusema "Ni sisi." Likatoka neno jingine.

"Ni mimi," alisema. "Ni mimi na mwanangu."

Wanawake wakatazamana. Hawakuwahi kulisikia neno hilo. Lakini mmoja wao aliona jinsi anavyotetemeka, akavua kanga yake kavu akamfunika, na wengine wakampasha mtoto moto kwa viganja vyao. Maswali waliyaacha kwanza.

Majirani walioitwa na wanawake hao walipopanda na moto hawakumkuta Pweke. Bibi Nangasu walimkuta salama, ameshika mchi mlangoni, anaulinda mlango asiouona.

Wale wawili waliokaa kichwani mwa mwanamke huyo, sasa walikuwa na daraja. Wakavuka kila mmoja aone chumba cha mwenziwe, na kwa kukumbuka yaliyotokea wakaamua kubadilishana vyumba moja kwa moja. Wa mkono wa kulia akakaa kushoto, wa mkono wa kushoto akakaa kulia, ili asiwepo wa kuutumia mkono wake bila kupita mlangoni kwa mwingine. Kisha Nakiete akasema, kwa mara ya mwisho, "Mdomo uchukue wewe. Mimi unanisikia. Niachie nyimbo." Namkunda alitaka kukataa, lakini mwenzake alikwisha kunyamaza.

Wanawake wote wa Mbweto wakataka kamba kama ile, wakawabeba watoto wao hivyo, na watoto waliozaliwa baadaye walizaliwa nayo ndani. Mahali ilipopita pangali laini katika kila kichanga. Weka kiganja juu ya utosi wa mtoto utapasikia panadunda.

Na tangu siku hiyo watu husema "mimi", wala hawakumbuki kwamba wako wawili. Msemaji bado hutaja sababu ya kila jambo, hata asilolijua, na huziamini. Yule mwingine yuko kimya. Lakini mkono wako ukimzuia mtoto asianguke kabla hujajua kwamba anaanguka, au mgongo ukikusisimka mbele ya mtu anayezungumza vizuri, jua ni nani aliyeona.

Bibi Nangasu alipozeeka sana, maradhi yalimpiga upande mmoja na maneno yote yakamtoka. Watu walisema hayupo tena. Namkunda aliketi kando yake akaanza ule wimbo, na bibi akauimba naye mpaka mwisho, pamoja na maneno yake, bila kukosea.

Mtazame pia mama anayempakata mtoto. Karibu wote humweka upande wa kushoto. Muulize kwa nini, naye atakujibu papo hapo: ili mkono wa kulia ukoroge uji. Ni msemaji huyo anayejibu. Yule anayejua hajibu, maana anamwimbia mtoto.